Ruta zinazoingia visiwani zitazamwe kwa makini

Katika muda wa miaka michache tu, chombo kidogo chenye vitaa vya kijani kimeingia katika nyumba za Unguja na Pemba na kujipatia mahali ambapo zamani palikuwa pa redio. Chombo hicho ni ruta. Mwanafunzi wa skuli hukitegemea kupata mitihani ya miaka iliyopita; mwenye nyumba ya kulaza wageni hukitegemea kupokea maombi ya vyumba; mzee aliye Wete hukitegemea kuuona uso wa mjukuu aliyezaliwa Maskati; na mtumishi wa serikali, siku ambayo kazi haikwisha ofisini, hukitegemea usiku kumaliza jalada ambalo mwananchi analisubiri. Hapana shaka, basi, kwamba uchaguzi wa chombo hicho si jambo la kuachiwa bahati wala ufasaha wa muuzaji.

Lakini hivyo ndivyo mambo yalivyo. Malalamiko yanayosikika mjini na mashamba ni yale yale: ruta imenunuliwa mwezi wa Ramadhani, kufika Idi Kubwa imekufa; ruta inashika ukumbini, chumbani haishiki; ruta imeletwa na ndugu kutoka Ghuba, nayo inaikataa laini ya hapa. Mnunuzi hulaumu kampuni ya simu, kampuni hulaumu chombo, na muuzaji husema bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Kwa familia inayoishi kwa uvuvi, kwa mwani, au kwa mshahara wa mwalimu, fedha hizo si kidogo, na mara nyingi hazipatikani mara ya pili.

Ni vyema kwanza tuelewane juu ya kazi ya ruta, kwani mengi yanayosemwa juu yake hutokana na kuchanganya mambo mawili. Kazi ya kwanza ni kuipokea intaneti kutoka nje, ama kwa laini ya simu kutoka mnarani, ama kwa waya wa mkongo ulioletwa mpaka nyumbani. Kazi ya pili ni kuigawa intaneti hiyo ndani ya nyumba bila ya waya, ambayo ndiyo waifai. Kazi hizi huharibika kwa sababu mbali mbali na hutibiwa kwa dawa mbali mbali. Anayetaka kujua ubovu uko wapi na asimame na simu yake hatua mbili kutoka kwenye ruta, apime kasi, kisha aende chumba cha mwisho apime tena. Ikiwa kasi ni duni hata pale penye ruta, basi kasoro iko upande wa nje, na kabla ya kununua ruta nyingine inafaa kuisogeza ile iliyopo karibu na dirisha linaloelekea mnarani, au kuiuliza kampuni juu ya kifurushi. Ikiwa kasi ni nzuri penye ruta lakini imekufa chumbani, kampuni haina lawama, na kuigombeza kwenye simu ni kupoteza salio.

Zipo pia siku ambazo hapana ruta duniani itakayomfaa mtu. Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizobaki na intaneti ya kukokota. Tunalitaja hilo kwa sababu visiwa vyetu viko mwisho wa njia ndefu, na si kila kinachokwama nyumbani kimeharibikia nyumbani.

Hata hivyo, adui mkubwa wa ruta katika visiwa hivi ni umeme. Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Wa mwanzo ulianza kazi mwaka 1980, na wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, mwaka 2013. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010. Wasomaji wetu hawahitaji kukumbushwa ule mwezi mzima wa giza wa mwaka 2008, wala ile miezi mitatu iliyoanza Desemba 2009. Hali ya leo si ile, na tunayasema hayo kwa furaha. Lakini umeme kukatika na kurudi bado kupo, na kinachoiua ruta si kukatika bali ni kule kurudi. Umeme hurudi kwa kishindo, ukapanda na kushuka kabla ya kutulia, na kishindo hicho chote hupokewa na adapta, yaani kile kidude cheusi kinachochomekwa kwenye soketi.

Kwa hiyo, kabla mnunuzi hajauliza juu ya kasi, na aigeuze adapta na asome maandishi yake madogo. Adapta inayofaa hapa huandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240. Ile iliyoandikwa volti 120 peke yake imetengenezwa kwa soko la Marekani, na ikichomekwa kwenye umeme wetu haitamaliza siku. Na pale ruta inapozimika kabisa, bila ya taa hata moja, isitupwe kabla ya kujaribu adapta nyingine, kwani mara nyingi kilichokufa ni adapta, na ruta yenyewe ni nzima. Adapta mpya lazima itoe volti zile zile zilizoandikwa kwenye ruta, ikiwa 12 ni 12, ikiwa 9 ni 9. Ampea zake zinaweza kuwa sawa au kuzidi, lakini zisipungue. Na kichwa chake kiwe cha aina ile ile. Fundi mwaminifu wa Darajani au Chake Chake humaliza kazi hiyo kwa muda mfupi. Asiye mwaminifu huuza ruta mpya.

Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, nalo ni kwamba ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na hula umeme mdogo sana, wati 10 hivi. Maana yake ni kwamba hazihitaji jenereta. Betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 7, mfano wa zile zinazotumika katika pikipiki na mitambo ya kengele za wezi, ina wati-saa 84. Ukiondoa upotevu, na ukaacha kuikausha kabisa, inaiendesha ruta saa sita hivi. Siku hizi zinauzwa betri ndogo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, ambazo hukaa baina ya soketi na ruta, zikajichaji umeme ukiwapo na kushika kazi umeme ukikatika. Faida yake ni mbili, maana hukidhi wakati wa giza na hupokea kile kishindo cha umeme kurudi. Kama mwenye fedha za kununua ruta ya bei kubwa angetuuliza, tungemwambia anunue ya wastani, na kinachobaki akiweke katika betri. Wakati wa masika, radi zinapoanza, dawa ni ile ya wazee wetu kwa redio: chomoa plagi.

Baada ya umeme, jambo la pili ni kuta. Ruta hutengenezwa na kupimwa katika nchi ambazo nyumba nyingi hugawanywa kwa mbao na bodi nyembamba. Vipimo vinavyochapishwa kwenye boksi havikuifikiria nyumba ya Mji Mkongwe, yenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita na zaidi, ambazo huvuta unyevu msimu baada ya msimu. Maji ni adui wa mawimbi ya waifai. Ukuta mnene wenye unyevu huyala karibu yote. Majumba ya zege ya Michenzani yana tabu yake nyengine, nayo ni nondo zilizomo ndani ya zege. Na nyumba ya mashamba iliyoezekwa bati, ingawa kuta zake huenda zikapenyeka, huizuia ishara ya mnara isiingie kutokea juu, na ndiyo maana simu iliyolala mezani haishiki, lakini ukitoka barazani inashika.

Ruta za siku hizi hutumia mikondo miwili ya mawimbi. Mmoja ni wa gigahezi 2.4, ambao hupenya ukuta kwa urahisi zaidi na hufika mbali, lakini ni wa polepole, na katika mitaa iliyobanana hujaa watu, kwa sababu una nafasi tatu tu ambazo haziingiliani. Jiko la maikrowevu nalo huupigia kelele. Mwengine ni wa gigahezi 5, wenye kasi kubwa na nafasi nyingi, lakini huishia kwenye ukuta wa kwanza au wa pili. Ruta yenye mkondo wa 2.4 peke yake bado inauzwa madukani kwa bei rahisi. Kwa nyumba moja iliyo peke yake shamba inatosha. Kwa anayeishi Ng'ambo, akiwa amezungukwa na ruta ishirini za majirani, ni kununua ugomvi. Huyo achukue yenye mikondo yote miwili.

Na mahali pa kuiweka pana thamani kuliko jina la mtengenezaji. Tumeona ruta nzuri zimefungiwa ndani ya kabati la vyombo, zimewekwa nyuma ya televisheni, au chini sakafuni karibu na tangi la maji. Mahali pake ni juu, katikati ya nyumba, mbali na chuma, kioo na maji, na penye upepo, maana joto letu nalo huzipunguzia umri. Ikiwa inapokea laini kutoka mnarani, basi kuna mvutano baina ya dirisha na katikati ya nyumba; na hapo dirisha ndilo la kufuatwa, kwani kisichoingia hakigawiki. Kwa nyumba kubwa au ya ghorofa, watu hununua vidude vya kurudufu ishara, vinavyochomekwa kwenye soketi. Vingi vyao hupokea na kutoa kwa wimbi lile lile moja, na kwa hivyo kasi hukatika nusu. Njia ya kuaminika zaidi ni kupitisha waya mmoja hadi ghorofa ya pili na kuweka huko kituo kingine. Mwenye nyumba ya Mji Mkongwe, ambao uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000, asitoboe ukuta wa mbele kabla ya kushauriana na Mamlaka ya Mji Mkongwe. Aghalabu waya unaweza kufuata ngazi bila ya kuugusa ukuta.

Tuje sasa kwenye boksi lenyewe. Boksi la ruta ni fasihi ya aina yake. Juu yake huandikwa 1200 kwa tarakimu kubwa, na mnunuzi akadhani atapata megabiti 1200 kwa sekunde. Hesabu ya 1200 hupatikana kwa kujumlisha 300 za mkondo wa 2.4 na 867 za mkondo wa 5, kisha kuongeza kidogo ili idadi ipendeze. Simu moja kwa kawaida hutumia mkondo mmoja kwa wakati mmoja, na hata hizo 867 ni za maabara, bila ya ukuta wala jirani. Zaidi ya hayo, ruta nyingi za namna hiyo zina tundu la waya lisilopitisha zaidi ya megabiti 100. Kwa hiyo kilichoandikwa 1200 huweza kuingiza 100, na mwenye kifurushi cha megabiti 20 atapata 20. Hatusemi kwamba ni uongo. Tunasema kwamba ni ukweli uliovishwa kanzu ya harusi.

Vivyo hivyo na antena. Imezoeleka kudhani kwamba ruta yenye miiba sita ni mara tatu ya yenye miiba miwili. Nguvu ya kutoa mawimbi imewekewa mpaka na sheria za nchi, na haiongezeki kwa idadi ya miiba. Kinachofaa kuulizwa ni kizazi cha waifai. Kizazi cha nne kilitoka mwaka 2009, nacho kimezeeka. Cha tano kinatosheleza nyumba nyingi za hapa. Cha sita hugawa vizuri zaidi pale penye simu nyingi kwa pamoja, na kama bei zimekaribiana ndicho cha kuchukuliwa. Cha saba, kilichoanza kuthibitishwa Januari 2024, kwa nyumba yenye kifurushi cha kawaida ni fedha iliyotupwa baharini.

Kuhusu ruta zinazokuja na ndugu kutoka Oman na Imarati, tunajua kwamba hutolewa kwa mapenzi, na hatupendi kuyakatisha. Lakini ruta ya laini iliyouzwa na kampuni ya simu ya huko mara nyingi imefungwa isipokee laini ya kampuni nyengine, na kuifungua kunaweza kugharimu karibu sawa na kununua mpya. Hata ile iliyo huru lazima iweze kupokea masafa yanayotumiwa na minara ya hapa. Kwa hiyo anayetaka kuletewa na ampelekee ndugu yake orodha ya masafa aliyoipata kwa kampuni yake ya simu, na amwambie kwa uwazi: iwe haikufungwa, tena iwe mpya. Ya mitumba huwa na kasoro nyengine, ambayo haionekani kwa macho.

Ndani ya kila ruta mna programu, na programu hiyo huzeeka. Mwezi wa Mei 2018 ilitangazwa kwamba kirusi kilichopewa jina la VPNFilter kimeingia katika ruta na vifaa vya namna hiyo visivyopungua 500,000, katika nchi 54, vingi vyao vya nyumbani na vya ofisi ndogo. Wenyewe walikuwa hawajui. Ruta ziliendelea kuwaka taa kama kawaida. Ruta iliyoingiliwa huweza kupeleleza yanayopita ndani yake, na pia kutumiwa kuwashambulia wengine. Tunawaomba maofisa wa serikali walizingatie jambo hili, maana wengi wao hufungua majalada ya umma kwa njia ya ruta ya nyumbani ambayo neno lake la siri bado ni lile lililotoka kiwandani, na ambalo kila mwizi wa mitandao duniani analijua kwa moyo. Neno hilo na libadilishwe siku ile ile ya kuitoa ruta katika boksi, pamoja na lile la waifai; usalama uwekwe kwenye WPA2 au WPA3, si chini ya hapo; na programu isasishwe kila mtengenezaji anapotoa mpya. Ruta ambayo mtengenezaji wake ameacha kuitolea masasisho haifai kununuliwa, hata ikiwa bei yake ni nusu.

Lakini mwananchi atajuaje? Hapa ndipo tunapoigeukia serikali. Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili, 2024, sheria inakataza kuuza vifaa vya namna hii vikiwa na neno la siri jepesi linalofanana kwa vyote, na inamlazimisha mtengenezaji atangaze ni kwa muda gani atakitolea kifaa chake masasisho ya usalama. Sheria hiyo haikuhitaji maabara kubwa; ilihitaji tamko la mtengenezaji, na adhabu kwa asiyelitimiza. Hatuoni kwa nini boksi linaloteremshwa Bandari ya Malindi lisiwe na tamko la namna hiyo hiyo, kwa lugha ambayo mnunuzi anaifahamu.

Mawasiliano ni jambo la Muungano, na kuidhinisha aina za vifaa ni kazi ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mamlaka hiyo ilionesha mwezi wa Juni 2016, ilipozifungia simu bandia nchi nzima, kwamba ikitaka inaweza. Ruta ya laini nayo ina nambari yake ya utambulisho kama simu. Lakini ruta inayoungwa na mkongo haina nambari hiyo, haionekani na minara, na hivyo hapana wa kuigundua isipokuwa mtu aliyesimama bandarini au dukani. Hiyo ni kazi inayoweza kufanywa hapa hapa, na Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, pamoja na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Tungependa kuona taasisi hizi mbili zikikaa meza moja, zikaanza na adapta, kwa sababu adapta mbovu haiui ruta tu, huunguza nyumba. Baadae zije kwenye dhamana. Duka linalouza ruta na litakiwe kuipokea ikifa ndani ya muda ulioandikwa kwenye risiti, na risiti itolewe bila ya kuombwa. Waheshimiwa Wawakilishi, ambao wapiga kura wao ndio wanaoibiwa, wana nafasi ya kuliuliza jambo hili Barazani kwa swali la mistari miwili.

Lipo pia la serikali yenyewe kama mnunuzi. Skuli, vituo vya afya na ofisi za masheha huwekewa ruta kwa zabuni, na mwenye bei ya chini ndiye anayeshinda. Bei ya chini hupatikana kwa ruta ya mkondo mmoja, bila ya betri, na ya mfano ambao mtengenezaji keshauacha. Mwaka mmoja baadae skuli haina mtandao, na katika vitabu imeandikwa kwamba inao. Kulirekebisha hili hakuhitaji sheria mpya wala fungu jipya la fedha. Wakuu wa manunuzi katika wizara, Unguja na Pemba, wanaweza kuongeza katika zabuni ijayo mambo machache: mikondo miwili, adapta ya volti 100 hadi 240, betri ya saa nne angalau, masasisho ya miaka isiyopungua mitatu tangu siku ya kununua, na jina la fundi aliye kisiwa kile kile chombo kinapowekwa, ili mwalimu mkuu wa Micheweni asilazimike kupanda boti kuleta ruta Mjini kila taa yake inapozimika.